Mimi Sikumwona

Katika riwaya ya Dracula, iliyotoka mwaka 1897, Bram Stoker ametenga kurasa chache za sura ya saba kwa daftari la nahodha wa meli iitwayo Demeter. Meli imetoka Varna inakwenda Whitby, Uingereza, na shehena yake ni masanduku ya udongo. Nahodha anaandika kwa mkato, kama mtu asiyelala. Leo baharia mmoja haonekani. Siku chache baadaye haonekani mwingine. Waliobaki wananong'ona kwamba wamemwona mtu mrefu, mwembamba, ambaye hayumo kwenye orodha ya watu wa melini. Msaidizi wa nahodha anarukwa na akili, anajitosa baharini. Mwishoni nahodha anakiri kuwa naye amemwona, lakini hasemi ameona nini. Anajifunga mikono kwenye usukani na kuendelea na safari. Basi. Meli inafika ufukoni ikiongozwa na maiti.

Mwaka 2023 kurasa hizo zikatengenezewa filamu nzima, The Last Voyage of the Demeter, chini ya mwongozaji André Øvredal. Niliitazama nyumbani Amani, kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Wameweka daktari ambaye kitabuni hayumo, wakaweka binti, na wakamweka Dracula mwenyewe, mwili mzima: ngozi ya popo, meno, mabawa, akiruka huku na huku kwenye matanga kwa karibu saa mbili. Meli ilitengenezwa vizuri kweli, bahari nayo ilitisha. Jini ndiye hakutisha. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, mbona unatabasamu?" Filamu hiyo haikurudisha gharama zake, na wahakiki wengi waliilaumu kwa kurefusha kisa kifupi. Mimi naona urefu haukuwa na hatia. Walichokosea ni kumtupa nahodha.

Hilo sikulisoma mahali. Nilifundishwa na mjomba wangu mwenyewe, aliyekuwa mkamata mbu.

Wasioijua Amani wajue kwamba ni msitu wenye kituo cha utafiti ndani yake, katika Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza. Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo, wakapanda miti ya kila pembe ya dunia. Mingine ilikaa ikasahaulika, mingine, kama mhesi, ikateka msitu mpaka leo wenye msitu wanalalamika. Waingereza walipouhamishia utafiti wa kilimo Muguga, Kenya, nyumba zile za mawe zikachukuliwa na watu wa malaria. Kwa hiyo wazee wetu wengi walikula mkate wa mbu. Kazi ya mjomba ilikuwa kushuka vijiji vya bondeni, ambako malaria ilikuwa haina msimu, na kukaa ndani ya nyumba ya mtu usiku kucha, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkono mmoja, kimrija cha kioo mkono wa pili. Mbu akitua mguuni, anammulika, anamfyonza kwenye mrija kabla hajauma, anamtia kichupani, anaandika saa. Asubuhi anapanda mlima na vichupa vyake.

Mtu wa namna hiyo, katika kijiji ambacho kila mtu hulala mapema kwa baridi na ukungu, ana mamlaka ya pekee. Yeye ndiye anayejua usiku unafanya nini. Tena aliandika saa. Kwa hiyo alipotusimulia habari ya mumiani, mnyonya damu, tulisikiliza kama wanaosomewa hati.

Kisa chenyewe ni kifupi. Alikuwa anarudi alfajiri moja kwa njia ya Sigi, bado giza. Kwenye kona akasikia injini ya gari inaunguruma mahali pamoja, taa zimezimwa. Akanusa spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Akajibanza nyuma ya mti. Mlango wa gari ukafunguliwa, na akasikia maji yanamiminwa, kisha ndoo inasuuzwa. Inasuuzwa taratibu, na mtu asiye na haraka. Baadaye mlango ukafungwa, injini ikanyamaza, hakusikia gari likiondoka. Kulipopambazuka akatoka. Palikuwa na alama za matairi zilizoanzia katikati ya barabara na kuishia katikati ya barabara.

Sisi watoto tulikuwa na swali moja tu. "Mjomba, ulimwona?"

"Mimi sikumwona," alikuwa anajibu, na kila mara kwa upole uleule. "Nilichosikia ni ndoo."

Halafu anatuambia tukalale. Nje perere wameanza kulia. Aliyewahi kulala Usambara anajua mnyama huyo mdogo, asiyezidi ukubwa wa sungura, anavyopiga ukelele usiku kama mtu anayekabwa. Mama naye jikoni anasuuza ndoo.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mjomba hakuwa peke yake. Mwanahistoria Luise White alichapisha mwaka 2000 kitabu kizima, Speaking with Vampires, juu ya masimulizi ya wanyonya damu yaliyoenea Afrika Mashariki na Kati wakati wa ukoloni: mumiani kwetu, wazimamoto Kenya na Uganda, banyama huko Zambia. Kilichonivutia ni kwamba visa hivyo havina jini. Vina magari, vina mashimo, ndoo, mipira ya kunyonyea, sare za kazi, vina watu wanaokwenda kazini usiku kama mlinzi anavyokwenda lindo. Msimulizi anajua kila kitu kuhusu vifaa na hajui chochote kuhusu mwenye vifaa. Mara nyingi hata hakuwepo. Alikuwepo shemeji yake, au mtu aliyefanya kazi na shemeji yake. Na bado watu waliamini kiasi cha kukataa kupita njia fulani. Waliamini kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeweka jina lake mbele ya kisa na kusema: hapa ndipo niliposimama, hiki nilikisikia, zaidi ya hapo sijui.

Vitabu vya kutisha vilivyo bora vimejengwa hivyohivyo. Nilisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani nikiwa shule ya msingi, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929, nakala iliyokuwa haina tena jalada. Watu huihesabu kuwa hadithi ya safari na almasi. Kwangu ilikuwa hadithi ya Gagula, kikongwe asiyejulikana umri, na ya lile pango ambamo wafalme waliokufa wameketi kuzunguka meza huku maji ya chokaa yakiwadondokea miaka na miaka mpaka wakawa mawe. Anayesimulia ni Allan Quatermain, mwindaji anayekiri tangu mwanzo kuwa ni mwoga na kwamba hajui kuandika. Ndiyo maana anaaminika. Mwoga akikwambia ameingia pango lile, unajua kwamba hakuwa na njia nyingine. Nilikuwa nasoma mpaka bamba la jiwe linaposhuka, nafunga kitabu, nakirudia kesho yake mchana.

Filamu maarufu ya kitabu hicho, ile ya mwaka 1950, ilipigwa sehemu kubwa huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilipata tuzo za Oscar za upigaji picha na uhariri. Wanyama wanapotimka ni jambo la kutazamwa hata leo. Lakini Quatermain wa filamu, Stewart Granger, ni shujaa mrefu mwenye mvi za kupendeza. Amepewa pia mwanamke wa kumpenda, Deborah Kerr, ambaye kitabuni hana hata kivuli. Akishakuwa shujaa, hofu imekwisha, maana shujaa haogopi, na asipoogopa yeye, sisi watazamaji tunaogopa kwa niaba ya nani? Gagula amekuwa mmoja kati ya watu wengi waliopakwa rangi. Nilinunua nakala Kariakoo kwa hamu kubwa, nikaigawa.

Nisidhaniwe kuwa mmoja wa wale wanaosema kitabu daima hushinda picha. Nimekulia kwenye kibanda cha video. Katikati ya miaka ya 1990 chetu kilikuwa na jenereta, deki, televisheni ya inchi chache na mabenchi ya magogo. Mikanda iliyotafsiriwa na Lufufu ilipopatikana, kiingilio kilipanda na hakuna aliyelalamika. Lufufu, jina lake Derek Mukandala, alikuwa anaweka sauti yake juu ya filamu za kigeni, anasimulia kwa Kiswahili, anaonya, anacheka, anampa stelingi ushauri. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana VJ Jingo, na Wajapani wa enzi za filamu bubu walikuwa na benshi wao waliokaa kando ya pazia wakisimulia. Wataalamu wa filamu waliwahi kuwadharau watu hawa. Sisi tulikwenda kwa ajili yao.

Ikikosekana kanda ya Lufufu, kibanda chetu kilikuwa na mtafsiri wake, kijana utingo wa magari ya chai, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Siku moja ilikuja Dracula ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1992. Nilikuwa nimeshaisoma riwaya kwa toleo fupi la Kiingereza chepesi, nikaketi mbele kabisa. Filamu ile inajitahidi. Ina shajara na barua kama kitabuni. Ila kabla ya yote inaturudisha mwaka 1462 na kutuonyesha Dracula alivyokuwa mume mwema aliyefiwa, na kwa nini ana hasira na Mungu. Kitabuni kila mtu anaandika, wakili, mchumba, daktari, nahodha, isipokuwa Dracula; yeye ameachiwa vijibarua vifupi tu kwa mgeni wake. Coppola akampa machozi. Umeshaujua msiba wa mtu, utamwogopaje?

Utingo aliyasikia machozi yale na hakuyapenda. Ilipofika pale yule wakili, Jonathan, anachungulia dirishani na kumwona mwenyeji wake anatambaa ukutani kichwa chini, yule kijana akapunguza sauti, akasimama mbele ya televisheni, akaiziba na mgongo wake. "Jamani," akasema, "mimi hapa nilipo simwoni vizuri. Ninaona vidole." Akanyamaza. Nyuma yake mwanga unachezacheza. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wanataka aondoke, wengine wanataka warudishiwe hela, wanawake wawili wakatoka nje kisha wakarudi kwa sababu nje kulikuwa na giza zaidi. Alipoondoka kwenye kioo ukuta ulikuwa mtupu, tukio limepita. Sijawahi kuogopa vile mbele ya filamu, na tukio lenyewe nililiona kwa macho yangu miaka mingi baadaye. Ni zuri. Halifiki mgongo wa utingo.

Ndiyo maana walipokuja vijana wa kikundi kimoja kutoka mjini, wakati kamera ndogo za dijitali zimeanza kushikika, wakitaka kutengeneza filamu ya mumiani wa Amani, nilifurahi nikawapeleka kwa mjomba. Alikuwa ameshazeeka, amevaa koti juu ya koti. Akawasimulia kama alivyotusimulia sisi, akaishia pale pale.

Prodyuza akauliza, "Sasa mzee, huyo mumiani alikuwa amevaaje?"

"Mimi sikumwona, mwanangu."

"Tukadirie tu."

"Kadirieni ninyi. Kamera ni yenu."

Niliwaandikia kisa chote, pamoja na sauti ya mzee anayesimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti waliikata wakisema inachosha, watu wanataka mapigano. Mumiani wao alikuwa na koti jeusi refu, kucha, na meno ya plastiki. Damu ilikuwa sharubati ya rosela. Alikimbiza msichana katikati ya chai, na kwa kuwa chai hufika kiunoni tu, kila mmoja alikuwa anamwona mwenzake muda wote. Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa. Watoto walicheka mpaka wakalala sakafuni. Wiki iliyofuata walikuwa wanacheza mumiani njia nzima, na ile kona ambayo watu walikuwa hawaipiti baada ya magharibi ikawa njia ya kawaida. Ukitaka kuwa mkweli, filamu ile iliwatendea wema wanakijiji. Mwenye mgonjwa usiku sasa alipata wa kumsindikiza.

Mjomba aliitazama hadi mwisho, akawashukuru vijana kwa kazi, akawapa mkono mmoja mmoja. Kisha akamuuliza prodyuza, "Na ndoo iko wapi?"

"Tuliitoa, mzee. Ndoo haitishi."

Jibu hilo limekaa nami, kwa sababu ndilo jibu la studio kubwa pia, zenye fedha za kutosha kununua ndoo zote za Tanga. Wanaulizana: katika kitabu hiki kinachotisha ni nini? Wanajibu: jini, mbwa, nyumba, mchawi. Wanakiondoa, wanakijenga kwa ustadi, wanakimulika. Kumbe kilichotutisha kilikuwa umbali kati ya msimulizi na kile kitu, na umbali haujengwi karakanani.

Wapo wanaodhani tiba ni uaminifu, yaani picha ifuate kitabu neno kwa neno. Stephen King amewapa jaribio zuri. Riwaya yake The Shining ilitoka mwaka 1977. Stanley Kubrick akaitengenezea filamu mwaka 1980, akabadilisha mengi, na King hakuificha hasira yake kwa miaka mingi. Mwaka 1997 akaandika mwenyewe tamthilia ya televisheni ya kisa hicho, ikafuata kitabu kwa utii. Kitabuni kuna vichaka vya bustani vilivyokatwa kwa umbo la wanyama, simba na mbwa na sungura. Mlinzi wa hoteli akiwatazama wametulia. Akigeuka, akitazama tena, wamesogea. Hajawaona wakisogea hata mara moja. Mtu aliyekulia kwenye mashamba ya chai, ambako vichaka vinakatwa sawasawa kilima baada ya kilima na ukungu unavifunika na kuvifunua, hahitaji kuelezwa zaidi. Nilipokuwa nakisoma kitabu hicho niliacha kupita njia ya mkato ya Kwamkoro jioni. Kubrick aliwafuta wanyama wote, akaweka njia za kupotea zilizozungukwa na ua mrefu. King akawarudisha mwaka 1997, kwa michoro ya kompyuta ya wakati huo, na wakatembea mbele ya macho yetu. Vilikuwa vichaka vinavyotembea. Mwenye kitabu alikishika kitabu chake vizuri, na ndoo ikamponyoka.

Kinyume chake ni Nosferatu, filamu bubu ya Kijerumani ya F. W. Murnau ya mwaka 1922. Ilikuwa wizi mtupu. Hawakuomba ruhusa, wakabadilisha majina, Dracula akawa Orlok, na mjane wa Stoker akawashitaki mpaka mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Baadhi zilinusurika. Hata jua kumuua mnyonya damu limetoka humo. Dracula wa Stoker hutembea mchana. Lakini tazama jinsi inavyoanza: kwa maandishi ya mtu anayejiita mwandishi wa kumbukumbu za tauni iliyoukumba mji wake. Mwizi aliiba kila kitu akajua pia cha kukiacha mahali pake. Yupo mtu aliyeokoka, anatusimulia.

Sisi huku hatujazipeleka riwaya zetu za kutisha kwenye filamu kwa wingi. Mussa Banzi, aliyeanzisha njia ya filamu za kutisha za Bongo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa Nsyuka na kisha Shumileta, alichota zaidi kwenye simulizi za mdomo na kwenye mikanda ya Nigeria. Watu wa mjini walizicheka kwa vipodozi na milio yake. Mimi nazihurumia kidogo, kwa kuwa zilikuja na kava linaloonyesha jini kabla hujalipa, na baada ya hapo mwigizaji atafanya nini tena? Ila biashara ya kanda ilidai kava. Siku hizi tuna watu wanaojua kusoma riwaya kwa kamera. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka kwa Shafi Adam Shafi, imeonyesha hivyo, ingawa si ya kutisha.

Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningempa mmoja wao Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960. Maiti imekutwa penye mzimu, watu wanajua la kusema na wanaogopa kulisema, na mpelelezi Bwana Msa anaingia na kiko chake, ana hakika kwamba mauaji ni kazi ya binadamu. Ningemwomba mwongozaji asiwe upande wa Bwana Msa, kwa kuwa Bwana Msa haogopi. Kamera imshike Najum, rafiki yake, anayeshangaa kila hatua. Tusione kitu ambacho Najum hajakiona, na akifumba macho, nasi giza. Prodyuza atakayeuliza mzimu wenyewe umevaaje apewe nauli ya kurudi Dar es Salaam.